Tamasha la Muziki wa Kale, Utrecht: mahali wanapojua kungoja uzi ukae sawa

Nimeshahudhuria mara nne Tamasha la Muziki wa Kale la Utrecht, na kila mara jamaa zangu wa Unguja huniuliza swali lile lile: wewe, mtoto wa Kikwajuni, unafuata nini kwenye makanisa ya Waholanzi? Nyimbo za watu waliokufa miaka mia nne iliyopita, maneno huyaelewi, kucheza hakuna. Kwenye simu huwa najibu kwa mkato: nafuata udi, ule wa nyuzi, si wa kufukiza. Leo nataka nijibu kwa kirefu, kwa sababu kuna Waswahili wenzangu walioko Ujerumani na Ubelgiji wameniuliza kama tamasha hili linastahili nauli ya treni, na mmoja wao ana watoto. Linastahili. Ila ukienda ovyo utarudi mgongo unauma na hujasikia kitu, kwa hiyo nisikilizeni.

Tamasha lilianza mwaka 1982. Hufanyika kila mwaka, mwisho wa Agosti kuingia Septemba, siku kumi hivi, na kwa Kiholanzi linaitwa Festival Oude Muziek. Wanaposema muziki wa kale wanakusudia muziki wa Ulaya kuanzia Zama za Kati mpaka zama za Bach, mtunzi Mjerumani aliyefariki 1750, na sharti kubwa ni kwamba unapigwa kwa ala za zama zile, au ala zilizochongwa kwa mfano wake. Fidla yenye nyuzi za utumbo wa kondoo badala ya chuma. Filimbi ya mbao. Tarumbeta isiyo na vibonyezo, kila sauti inatafutwa kwa midomo na pumzi. Hapsikodi, ambayo kwa macho ni kama piano lakini ndani yake hakuna nyundo. Ukibonyeza, kijiti kinapanda na risha ya unyoya, na risha hiyo ndiyo inayodonoa uzi. Mpiga ganuni yeyote wa taarab akiisikia atageuza shingo.

Kila mwaka huwa na mada. 2016 walichukua mji wa Venice, 2019 wakachukua Naples. Kitovu ni jumba la TivoliVredenburg, karibu kabisa na stesheni kuu ya treni, lenye ukumbi mkubwa ambao viti vyake vimezunguka jukwaa pande zote. Lakini mengi yako makanisani: Domkerk, Pieterskerk, Jacobikerk, Geertekerk na mengine. Unatoka hili unakimbilia lile kwa miguu, ukifuata mfereji wa Oudegracht ambao una magati chini kabisa, usawa wa maji, na maghala ya zamani yaliyogeuzwa mikahawa. Mji mkongwe wa Utrecht ni mdogo. Anayejua kupita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hawezi kupotea, ila baiskeli zao hazina huruma.

Mimi nilifikaje huko? Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja wa miaka themanini na kitu, enzi zake mwalimu wa filimbi. Asubuhi moja nakunja shuka huku naimba, akaniuliza ni wimbo gani. Nikamwambia ni wa kwetu, wa taarab, na mjomba wangu alikuwa mpiga ganuni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nifungue mtoto wa meza, nitoe bahasha. Ndani mlikuwa na tiketi mbili. Alikuwa amezikata miezi mingi nyuma, na sasa miguu imekataa. Akaniambia niende mimi, kisha nije nimhadithie.

Nikaenda peke yangu, kiti cha pili nikakiwekea koti. Alitoka bwana mmoja na teorbo. Teorbo ni luti kubwa, ala ya nyuzi ya ukoo wa udi, iliyobuniwa Italia mwishoni mwa karne ya 16. Ina shingo ya kwanza yenye nyuzi za kubonyezwa, na juu yake shingo ya pili inayokwenda juu mpaka ala nzima inakaribia mita mbili, kwa ajili ya nyuzi nene za besi. Akakaa. Pembeni yake akasimama mwimbaji, mwanamke, mikono ameiacha tu. Nikajua sasa wanaanza. Bwana yule akainamisha sikio akaanza kulinganisha nyuzi.

Akalinganisha. Akadonoa mmoja, akazungusha kigingi kwa unyonge kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa, akadonoa tena. Akaenda wa pili. Watu mia tatu kanisani, hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyechukua simu. Mwimbaji hakuona haya wala hakujaribu kutuchekesha ili muda upite, alisimama akisikiliza nyuzi kama sisi. Mimi machozi yakanitoka kabla ya wimbo wowote kuimbwa.

Aliyekulia nyumba yenye ganuni atanielewa. Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, zimekwenda tatu tatu kwa sauti moja. Mjomba akiwa na shughuli usiku, alikuwa anaanza baada ya Alasiri, ukumbini, ala imelazwa juu ya mapaja, ufunguo mdogo wa shaba mkononi. Sisi watoto tuliruhusiwa kukaa mkekani kwa sharti la kutotia neno. Nilijifunza kusikia nyuzi tatu zikigombana, ile sauti ya kutetemeka, wa-wa-wa, ikipungua, ikipungua, mpaka zote tatu zinakuwa mtu mmoja. Mjomba hapo alikuwa akisema "haya," kwa sauti ya chini, anahamia safu inayofuata. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa taarab yenyewe, na usiku wenye watu na marashi ulikuja baadaye. Siku hizi kwenye harusi nyingi kinanda cha umeme kinawashwa kwa kidole na kila kitu kimeshalingana tangu kiwandani. Simlaumu mtu, vijana wanatafuta riziki na ganuni haibebeki kwenye bodaboda. Lakini nilikuwa sijakaa na watu wanaongojea uzi kwa heshima tangu nilipoondoka nyumbani, na sikutegemea kuwakuta Uholanzi.

Sababu ya kulinganisha sana ni huo utumbo. Uzi wa utumbo unakunywa unyevu wa hewani. Watu wakiingia na makoti yaliyolowa mvua, sauti zinahama. Taa zikiwashwa zikapata moto, zinahama tena. Halafu hawatumii kipimo cha leo. Okestra za kisasa hulinganisha sauti ya A kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, lakini wapigaji wengi wa muziki wa kina Bach hushuka mpaka 415, karibu nusu sauti chini, na kwa muziki wa Kifaransa wengine hushuka mpaka 392. Matokeo yake unayasikia hata kama hujui nambari hizo. Sauti inakuwa imelegea, ina kifua, haikupigii kelele. Ni tofauti ya mtu anayekuita kutoka barabarani na mtu anayekuita kutoka chumba cha pili.

Sasa niseme habari ya udi. Jumba lile la TivoliVredenburg, siku moja, lilikuwa na meza za mafundi wa ala na wauzaji wa nota. Nilisimama mbele ya meza ya fundi wa luti nikawa siondoki. Luti na udi ni ndugu wa damu, na jina lenyewe ni hilo hilo la Kiarabu, al-udi, ulimi wa Wazungu umelikata. Udi ulikuwapo Andalusia tangu zama za Waarabu. Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad, alifika Córdoba mwaka 822, na anasifiwa kwa kuuongezea uzi wa tano. Kutoka huko ukaenea Ulaya. Fundi aliniona namna ninavyotazama, akanipa niishike.

Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Mgongo wake ni mapande membamba ya mbao yaliyopindwa na kuunganishwa mpaka yakawa nusu ya peasi, vilevile kabisa na udi. Kichwa chake kimepindwa nyuma, vilevile. Katikati ya uso wake, pale udi wetu unapowekwa nakshi, na yeye amechonga nakshi ya mafundo yanayopitana juu kwa chini, na mbao hiyo hiyo ya uso, hakubandika kitu. Nilipitisha kidole shingoni ndipo nikakutana na ugeni: kamba nyembamba za utumbo zimefungwa kuzunguka shingo, hatua kwa hatua, kuonyesha kidole kikae wapi. Udi wetu hauna hizo, kidole kinateleza na kupata zile sauti za katikati, robo robo, ambazo Ulaya iliziacha njiani. Na wao, karne ya 15, walianza kuachana na risha wakadonoa kwa vidole ili waweze kupiga sauti mbili tatu kwa pamoja. Ndugu wawili wametoka nyumba moja, mmoja kaenda kaskazini, mmoja kafuata jahazi akaja Yemen na Unguja. Nilimwambia fundi hivyo, kwa Kiholanzi changu. Akanitolea chini ya meza kitabu cha picha akanionyesha udi wa Misri ambao alijifunzia kazi ya kupinda mbao.

Pale pale nilinunua bunda dogo la nyuzi za utumbo. Nitalirudia.

Onyesho ambalo mpaka leo nikilala naliona lilikuwa la mchana, la vijana. Pembeni ya ratiba kubwa huwa kuna maonyesho ya vikundi vya vijana, mafupi, na nilipokwenda kiingilio kilikuwa bure, na kwa pesa na kwa roho yangu haya ndiyo bora kuliko yote. Walikuwa watatu: hapsikodi, filimbi, na viola da gamba, ambayo inashikwa kwa miguu, haina mguu wa chini kama selo, na ina nyuzi sita au saba. Nilikaa safu ya pili. Katikati ya kipande, uzi wa juu wa gamba ukakatika. Ulilia pa!, ukajikunja kama mkia wa kinyonga. Binti aliyekuwa anapiga aliangalia wenzake, akatabasamu kidogo, akashusha upinde. Hakutoka nje. Alichukua uzi mwingine kutoka kijaluba cha bati, akatia fundo mwisho mmoja, akaupitisha chini, akauleta juu ya daraja, akauzungusha kwenye kigingi mara tatu, kila mzunguko unabana ule uliotangulia ili usiteleze. Kisha akaupandisha. Uzi mpya wa utumbo haukai. Akaupandisha, ukashuka. Akauvuta kwa kidole gumba katikati kuunyoosha, akaupandisha tena. Mwenzake wa hapsikodi alikuwa anambonyezea sauti ile ile moja, taratibu, anamngoja, kama mtu anayemshikia mwenzake taa. Dakika sita, saba. Kisha wakaanza kipande upya kutoka mwanzo, na mara ile ya pili walikipiga kwa namna ambayo ile ya kwanza haikukaribia. Nilitamani kupanda nikamtunze yule binti.

Ndiyo, kutunza hakuna. Wageni wetu wajue mapema. Hapa hunyanyuki na noti katikati ya wimbo ukaenda kumwekea mwimbaji, hata wimbo uwe umesema jambo lako mwenyewe. Utakaa kimya mpaka mwisho, na wakati mwingine hata baina ya nyimbo hawapigi makofi, wanangoja fungu zima liishe. Mwaka wa kwanza nilipata tabu. Kulikuwa na nyimbo za John Dowland, Mwingereza mpiga luti aliyefariki 1626, bwana wa nyimbo za machozi, aliyeajiriwa miaka mingi na mfalme wa Denmark. Mwimbaji alifika mahali akashusha sauti hatua nne, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na mkono wangu ukaingia kwenye mkoba wenyewe. Nyumbani mtu angesimama. Lakini nilizoea, na sasa nasema kila sehemu na utunzaji wake. Wao wanatunza kwa kimya.

Habari ya Dowland na mfalme wake ilinikumbusha Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye inasimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri ili ajifunze ganuni. Wakubwa wa kila nchi wamependa kuwa na mpigaji wao wa nyuzi. Kisha muziki ukatoka jumbani: mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, na Siti binti Saad akauchukua akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Miaka mia hii karibu. Kwa kipimo cha Utrecht bado ni mbichi, lakini nikikaa kwenye zile benchi huwa najiuliza nani kwetu atachonga ala kwa mfano wa zile za 1928 na kuzipiga bila spika, chumbani, watu sitini wamekaa kitako. Sauti ya Siti kwenye santuri inakwaruza. Chumba kile alichoimbia hatukijui. Watu wa huku wamekaa miaka na miaka wakitafuta jinsi upinde wa 1650 ulivyoshikwa. Gustav Leonhardt na Frans Brüggen, Waholanzi wawili waliotangulia katika kazi hii, walikuwa wakisoma vitabu vya zamani na kuvikagua vinanda na filimbi za makumbusho kwa vidole vyao. Nimelisema hili kwa wivu, wivu wa kheri.

Makanisa yenyewe yanahitaji akili. Kuna moja, jina naliacha, nilikaa nyuma ya nguzo kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi. Nguzo hizo ni nene kuliko mbuyu mdogo. Kikundi kilikuwa na waimbaji wanane na luti moja, na luti sikuisikia hata kidogo, nilimwona mtu anasogeza mkono tu, tena nikichungulia. Na mwangwi wa kanisa kubwa unachukua sekunde kadhaa kufa, kwa hiyo muziki wa haraka unapandana, maneno yanakuwa uji. Kwaya isiyo na ala, nyimbo ndefu za karne ya 15 na 16, hizo zitafute kanisa kubwa. Zimetungwa kwa ajili ya mwangwi huo, sauti inapanda, inakaa juu, nyingine inapita chini yake. Luti, gamba, filimbi, mwimbaji mmoja, hizo zifuate kanisa dogo au ukumbi mdogo, ukae safu tano za mbele. Afadhali onyesho moja dogo karibu kuliko matatu makubwa nyuma ya nguzo.

Benchi ni za mbao, zimenyooka. Chukua mto, au kanga ikunje mara nne. Chukua na sweta hata kama nje kuna jua, kuta zile za mawe hazijui Agosti. Vyoo ni vichache, na mapumziko ni mafupi, wahi. Ukitaka kula kando ya mfereji, kula mapema sana au baada ya yote. Mimi mkahawa mmoja ulinikalisha kwa sahani ya supu mpaka nikakosa nusu ya kwanza ya onyesho nililolingoja mwaka mzima, kwa sababu wakishafunga mlango hawafungui mpaka watu wapige makofi. Siku hizi natembea na mkate wa kumimina kwenye mkoba, na chai kwenye chupa.

Yule mwenye watoto: wapeleke kwenye yale ya vijana ya mchana. Ni mafupi, mtoto akichoka unatoka. Na kabla au baada ya hapo wapeleke uwanja wa Janskerkhof, uwahadithie kisa hiki, maana mimi kwangu ndicho roho ya mji huu.

Alikuwapo bwana mmoja kipofu, Jacob van Eyck, aliyefariki 1657. Kazi yake ilikuwa kupiga na kusimamia kengele za mnara wa Dom. Mnara huo una mita 112, na ukiutazama leo umesimama peke yake, kanisa lake liko ng'ambo ya uwanja, kwa sababu tarehe 1 Agosti 1674 dhoruba iliangusha sehemu ya katikati na haikujengwa tena. Van Eyck alikuwa na sikio la ajabu. Kengele moja ukiigonga haitoi sauti moja, inatoa kadhaa kwa pamoja, na zisipopatana kengele inasikika chafu. Yeye alikuwa anaweza kusogea karibu na kengele bila kuigusa, akapiga mluzi, na sauti moja kati ya zile zilizojificha ndani ikaitika. Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa aliyeishi Uholanzi, aliandika barua juu ya jambo hilo. Ndugu wawili wasubu kengele, François na Pieter Hemony, walifanya kazi naye, wakajifunza kukwangua shaba kwa ndani kidogo kidogo mpaka sauti zote za kengele zikae sawa, na kengele walizozisubu kwa ajili ya mji wa Zutphen mwaka 1644 zinahesabiwa kuwa za kwanza duniani kulinganishwa hivyo barabara.

Jioni Van Eyck alikuwa akishuka kwenye uwanja wa kanisa la Janskerk na filimbi yake ndogo. Mwaka 1649 alipandishiwa mshahara kwa sharti kwamba mara kwa mara awaburudishe wapitanjia kwa filimbi hiyo. Hebu fikiri, halmashauri inamlipa mtu kwa ajili ya wanaopunga upepo. Tungo zake, nyimbo za mitaani na zaburi alizozipamba na kuzipamba tena, zimechapwa katika mkusanyiko uitwao Der Fluyten Lust-hof, na karibu zote ni za filimbi moja tu, hakuna wa kumsindikiza. Yule mama wangu wa filimbi alikuwa anazijua kwa moyo. Niliporudi kumhadithia habari ya teorbo, aliniuliza jambo moja tu: alichukua muda gani kulinganisha? Nikamwambia, muda mrefu. Akafurahi, akaniambia basi huyo alikuwa mpigaji mzuri.

Mnara una kengele za ndugu Hemony, za 1664. Jumamosi moja nilisimama chini yake nikazirekodi kwa simu, nikamtumia mjomba Unguja. Alinipigia baada ya Isha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hizo kengele kazifunga nani?"

Nikamwambia habari ya kipofu na mluzi. Akanyamaza sana mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Alikuwa anafanya nililokuwa nafanya mimi, ila yeye wake ni mzito." Akaniuliza kama huko bado wanauza nyuzi za utumbo, maana walimu wa mwalimu wake walikuwa wakizitumia kwenye ganuni, yeye mwenyewe ameanza kazi nailoni imeshaingia.

Ndiyo lile bunda nililolinunua kwenye meza ya fundi. Lilikwenda Unguja na mtu, ndani ya soksi. Mjomba hakufunga ganuni nzima, hazikutosha. Amefunga safu moja ya katikati, nyuzi tatu, pale juu ya ngozi inayobeba daraja, na kanitumia sauti yake. Inasikika kavu kidogo, ina mchanga ndani yake, halafu inazama polepole. Unyevu wa Unguja unazishusha kila baada ya wimbo mmoja, inambidi achukue ufunguo aanze tena. Wajukuu wamemwambia arudishe nailoni. Amekataa.

Tiketi za mwaka huu nimeshakata tano, zote makanisa madogo, na mchana nitakuwa kwenye yale ya vijana.